Nyumba ya Mama Uliyoniandikia

Leeds, Jumapili jioni

Ndugu yangu Makokha,

Nakusalimu wewe na mama watoto, kwa sababu mama alitulea tusalimu kwanza hata tukiwa na hasira. Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua kwa hii baridi.

Nilipostaafu kufundisha historia chuoni, nilikwambia sasa nitatunga hadithi. Wenzangu walinicheka, eti bibi kizee anajifunza uongo. Wewe hukucheka. Nilipokuomba unikumbushe jiko la mama, maana riwaya yangu inaanzia humo, uliniandikia vizuri hata nikalia: kuku anayetagia nyuma ya mafiga, ukuta unaotoa jasho mvua ikinyesha, matawi ya mpera yanayokwaruza bati. Nilivipiga taipu vyote. Nyumba hiyo ni yako kwa mila, wewe ndiwe kitinda mimba. Nilichoomba ni uiache isimame, nije nimalizie kitabu humo. Ukajibu, "Njoo tu dada, kila siku tunaifagianga."

Juzi alinitembelea Nekesa, binti wa yule fundi baiskeli wa kwetu Shianda, aliyekuja huku kusomea uuguzi. Nikamsomea sura ya kwanza. Akaniangalia kwa huruma.

"Auntie, hiyo nyumba ilibomolewa kitambo. Trakta ililima mpaka pale mpera ulikuwa. Saa hii ni miwa tu, tunapitanga hapo tukienda soko."

Makokha, umenisaliti. Najua tangu kiwanda cha sukari kije kila mtu huko anapanda miwa hadi mlangoni. Ungeniambia, ningenuna, kisha ningekusamehe. Lakini kunifagilia kwa kalamu nyumba uliyokwisha kuibomoa! Maisha yangu yote niliwakataza wanafunzi wasimwamini shahidi mmoja, nami nikakuamini kwa kuwa tulinyonya ziwa moja. Kumbe mtunzi ni wewe, mimi nilikuwa karani wako.

Sasa siandiki. Nikikaa kwenye taipureta naona miwa tu, na sijui mama nimweke wapi.

Nisalimie mkeo, najua si yeye. Msalimie shangazi anayeuza ndizi sokoni, na mchungaji aliyemzika mama.

Kila Krismasi unaniandikia kwamba umepalilia kaburi la mama na maua yamechanua. Lipo, Makokha? Nijibu hilo tu, na usinitungie.

Dada yako,
Tabitha