Swali la Wakili wa Spika

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki ya akina mama imevamiwa. Nilikuwa uani nikimsubiri daktari kwa mahojiano. Kundi liliongozwa na muuza vipuri wanayemwita Spika, kwa ukubwa wa sauti yake. Wanasema humo ndani watu wanauawa. Mlinzi alipigwa tofali la mdomo. Akainama kuokota meno. Wakampiga tena palepale alipoinama.

Benchini nilikaa na msusi mmoja, mimba ya miezi minne. Alikuwa ameniambia kilichomleta, kama mtu anayeagiza chai: amekuja kuitoa, watoto alionao wanamtosha, mumewe anajua amekuja kupima tu. Hakumaliza. Spika alimvuta nywele, akamwita muuaji, akampiga teke la tumbo. Akarudia. Nilikiona kiatu — buti la kahawia, kisigino kimelika upande. Damu ilifika hadi dirisha la dawa, chini ya miguu ya wavamizi waliokuwa wakiimba.

Jumanne, 5 Machi
Mimba imetoka. Ndivyo nilivyoandika. Mhariri amefuta, ameweka: Mtoto auawa kwa teke. Nikamuuliza, mwezi uliopita tulipoandika kwamba daktari huyohuyo hutoa mimba, kilichotoka tulikiita nini? Akasema gazeti linakwenda mitamboni, falsafa nikafanyie kwangu.

Alhamisi, 7 Machi
Hospitali. Msusi amevunjika mbavu. Mumewe ni fundi wa kuchomelea, analala sakafuni kando ya kitanda. Amezika. Amekipa kile alichozika jina la baba yake. Alinishika bega hadi likauma: nimemwona aliyemuua mwanawe, kwa hiyo nitasema. Nitasema nilichoona, nikamjibu.

Alipotoka kuchota maji, mkewe akauliza: “Na ulichosikia, kaka?”

Nikamwambia hicho kilibaki benchini. Akavuta shuka hadi kidevuni. Kisha: “Nilikwenda kuitoa kwa hiari yangu. Yule amenipokonya. Nalia, halafu najiuliza namlilia nani.”

Nikasikia ndoo ya mumewe mlangoni, nikaaga.

Jumatano, 20 Machi
Kinyozi jirani na karakana ya fundi alitania kwamba kliniki ile wanawake hawaendi kupimwa uzito. Fundi alimpiga bomba la chuma. Taya limevunjika, nimemwona, anakunywa kwa mrija. Msusi alinipigia simu. “Huyo katania tu. Mimi akijua, ataniua.”

Jumatatu, 27 Mei
Kesi. Kila mtu kahamia kiti cha mwenzake. Wakili wa Spika — Spika huyuhuyu! — anasema kisheria hakuna mtu aliyekufa, asiyezaliwa hauawi. Mwendesha mashtaka anasema alikuwa mtu kamili. Mwaka jana alikataa kumshtaki daktari kwa hoja hiihii ya wakili. Daktari naye akaulizwa: mtu au si mtu? Akasema wamuulize mwenye tumbo. Hakimu akamtaka ajibu kitaalamu. Akajibu kuwa kipimo cha hilo hajawahi kufundishwa. Watu wakacheka. Msusi hakucheka. Hakuna aliyemuuliza.

Jumanne, 28 Mei
Naandika ndani ya teksi.

Nilitoa ushahidi. Tofali, nywele, buti. Sikuyumba. Kisha wakili wa Spika, taratibu: “Bwana shahidi, mlikaa benchi moja. Alikuambia amefuata nini pale?”

Mwendesha mashtaka aliruka kupinga. Aliruka upesi mno. Kama alifuata kupima uzito tu, nani angeruka hivyo? Hakimu akaahirisha kwa muda, aamue kama nijibu.

Fundi alinifuata kwenye korido, akiwa amemshika mkewe kifundo cha mkono. Vidole vya Msusi vilikuwa vimebadilika rangi.

“Mwandishi, hakimu mwache. Niambie mimi.”

Nikamwambia amwachie mkono kwanza.

“Basi nimeshajibiwa,” akasema, akamburuta kwenye ngazi.

Nilimwita askari wa mlangoni. Akauliza kosa gani limetendeka. Nikasema bado. Akasema likitendeka nimwambie. Nilipofika chini, pikipiki yao ilikuwa inakata kona.

Karani wa mahakama ananipigia: hakimu amerudi, niko wapi. Nimekata. Simu ya Msusi inaita tu. Namwambia dereva akaze mwendo: karakana ya fundi, ndiko pikipiki ilikoelekea.

Karakana ile pale. Pikipiki yao iko nje, lango limefungwa kwa ndani. Mashine ya kukatia chuma inanguruma, na hakuna mteja nje —