Mama, Walisema Ukimya Wako Ni Hatia

Mama yangu,

Nina hasira, na safari hii hupo wa kuniambia nikanywe maji kwanza. Umelala nyuma ya nyumba, karibu na migomba, nami nimebaki na majirani zako.

Nakumbuka nilipokuwa mdogo, tukitembea kwenye vumbi jekundu la Oldeani, ukimsalimia kila mtu kwa jina la mtoto wake. Kikohozi cha huyu, ndama wa yule, yote uliyauliza. Baba, Mungu amrehemu, alisema ukitumwa kuazima chumvi, afadhali tule mboga bila chumvi. Ulikuwa mtu wa maneno, mama. Ndiyo maana uliponyamaza, hakuna aliyekuelewa.

Siku ile wewe na wanawake wenzako mlikwenda kuokota kuni pembeni ya shamba la kahawa. Mlinzi akamkamata bibi mzee mliyekuwa naye, akaanza kumchapa fimbo. Jirani yetu, mmoja wa hao wanawake, akaja kwa nyuma, akampiga mlinzi kichwani kwa gogo. Wenzako wote wakakimbia. Wewe ukabaki, ukachana kitenge chako, ukamfunga mlinzi jeraha. Walinzi wengine walipofika wakakukuta umepiga magoti, mikono yako ina damu yake.

Kituoni, ukituhumiwa kumjeruhi mlinzi, askari alikuambia kwamba hulazimishwi kusema chochote, na kwamba ukisema, maneno yako yanaweza kutumika mahakamani. Watu wengi hulisikia hilo bila kulizingatia. Wewe ulilishika.

Siku ya dhamana nilikaa benchi la nyuma. Mwendesha mashtaka akasimama.

"Mheshimiwa, mshtakiwa amekataa kuwataja wenzake. Hatoi ushirikiano. Tunapinga dhamana."

Hakimu akakugeukia. "Mama, una la kusema?"

"Naomba dhamana, mheshimiwa. Mengine nanyamaza."

"Ni haki yake," hakimu akasema. "Siwezi kumnyima dhamana kwa sababu amenyamaza. Alete wadhamini wawili wanaomfahamu."

Wawili tu! Karibu nipige vigelegele mle ndani. Wewe uliyewalea watoto wa watu wakati mama zao wamelazwa, nitakosaje wawili?

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Wa kwanza akaniuliza, "Kama hana kosa, mbona hakujieleza?" Wa pili akatikisa kichwa: "Asiye na hatia husema, Martina." Yule bibi, ambaye fimbo zilikuwa zinamshukia yeye, alinishika mkono. "Mjukuu wangu anaomba kazi kwenye shamba lile. Wakiona nimemdhamini mama yako, watamchukua?" Kwa jirani yetu sikufunguliwa. Nilimsikia ndani akimbembeleza mtoto anyamaze.

Nilipokuja kukuona mahabusu ukaninong'oneza kwa Kiiraqw, lugha yetu, kwamba ni jirani yule aliyepiga. "Lakini ana mtoto mchanga. Niapie hutamtaja."

"Na mimi je? Mimi si mtoto?"

Ukacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikaapa. Nilikuapia kwa hasira, lakini nilikuapia.

Wadhamini walipatikana mjomba alipokuja kutoka Mbulu na rafiki yake, na hakimu akawakubali. Ulikuwa umeshakaa ndani mno. Ulitoka umekonda, kifua kinakoroma, na kila nilipokuwekea uji uliniuliza kama mtoto wa jirani ameanza kukaa. Nilitamani kulitupa bakuli ukutani. Ulifariki kahawa ikiiva, kesi yako haijaanza kusikilizwa. Mahakama ikafunga shauri kwa sababu mshtakiwa hayupo tena. Hakuna aliyetamka kwamba hukuwa na hatia.

Kwenye maziko walikuja wote, mama. Walipika, walilia, walitandika mikeka. Na aliyechaguliwa kutoa salamu za wanawake alikuwa jirani yetu yule. Akashika kipaza sauti, mtoto mgongoni. "Alikuwa mama yetu sote," akaanza.

Nikainuka, nikakichukua mkononi mwake.

"Mama yangu alinyamaza ili kumlinda mtu," nikasema. "Ilikuwa haki yake. Ninyi niliowagongea milango mlimwacha ndani kwa sababu hakusema. Haya, leo semeni ninyi. Nani alimpiga yule mlinzi?"

Katekista aliyeongoza maziko akatazama chini. Bibi akajifunika uso kwa kanga. Jirani yetu alinitazama machoni, akingoja nilitamke jina lake. Mtoto akavuta nywele zangu kidogo, kwa sababu nilikuwa karibu.

Sikulitamka. Nikaweka kipaza sauti chini, nikaenda kukutupia udongo.

Barua hii wataisoma, na hata humu jina lake sijaliandika. Wasidhani nimesamehe. Kiapo nilikupa wewe, nami nimekitunza. Hasira hukuniapisha niiache. Kila asubuhi tunakutana bombani, ananiambia, "Shikamoo, dada," ingawa amenizidi umri. Ninachota maji yangu na kuondoka. Hilo la kwenda kituoni kukiri ni lake mwenyewe, sitamfanyia mimi.

Pumzika, mama. Kutoka kijijini sikuletei salamu ya mtu yeyote, isipokuwa yangu.

Mwanao uliyemwapisha,
Martina