Tisa Kati ya Kumi

Wewe, nimeharibu. Nimeharibu kabisa, na usimwambie mtu.

Leo mtihani wa hesabu ulinikuta sijasoma hata ukurasa mmoja. Nikamwambia mwalimu mguu umeanza kuuma, ule ugonjwa wangu wa damu, sikoseli, umenipanda. Nikalia kwa sauti, darasa zima likageuka kunitazama!

Wakampigia mama. Jamani, alikuja mbio, tepu ya kupimia bado iko shingoni, mteja kamwacha amesimama na gauni lenye pini. Mbio! Na magoti yake yale yanayomsumbua!

Hospitali nesi akaniuliza, "Kuanzia moja hadi kumi, unaumia kiasi gani?" Nikasema tisa. TISA!

Nesi alipotoka, mama akaniambia polepole, "Mwanangu, ukiumwa kweli huwa hulii. Unang'ata shuka, unanyamaza. Leo njiani umeniomba soda."

Na kweli nilimwomba soda.

Nikajua kofi linakuja. Nikafumba macho.

Akakaa kitandani, akanishika mguu uleule, akaanza kulia yeye. "Kumbe hauumi," anasema. "Kumbe leo hauumi. Asante Mungu."

Bora angenichapa.