Swichi Ilikuwa Nyuma

Mjukuu wangu Mbonea,

Marahaba. Salamu zako zimefika huku Mamba. Tangawizi tumeshavuna, mama yako mzima, mimi napumua kwa taabu.

Umeuliza nani alinifundisha kompyuta, maana umeyaona yale majarida ya kompyuta sandukuni. Ni hayo tu. Niliyasoma miaka mingi, nikajua prosesa na diski za kila aina, hadi walimu wenzangu wakaniita Mtaalamu. Kompyuta yenyewe sikuwa nimeigusa.

Kisha shule yetu ikapewa moja. Mama yako alikuwa kidato cha nne, amekaa mbele darasani kwangu. Nilieleza kila kilichomo ndani ya ile mashine, halafu nikashindwa kuiwasha. Majarida yalichambua kila kifaa, lakini hakuna aliyeandika inawashiwa wapi. Nikasema, "Hii ni mbovu."

Ikarudishwa Same mjini, na huko fundi akaiwasha mara moja. Swichi ilikuwa nyuma. Ikapewa shule nyingine, na darasa la mama yako likamaliza bila kuigusa. Sikumwambia mtu.

Sikutaka kufa nalo. Jana mama yako aliponiletea uji, nikamweleza yote.

"Baba, ile swichi niliiona siku ile ile," akasema. "Lakini wenzangu walishaanza kukucheka. Kunywa, uji unapoa."

Nimechoka, mjukuu wangu. Majarida chukua. Ukija, mletee mama yako kompyuta yako aitumie. Usimwonyeshe pa kuwashia.

Babu yako