Panya Hawatajwi Asubuhi

Jumatatu, 20 Julai

Leo siku ya mwezi. Kila mwaka tarehe hii binadamu anakanyaga mwezi upya, na mimi ndiye ninayemkanyagisha. Ndiyo kazi yangu redioni: Siku Kama ya Leo, halafu habari mbili tatu za sayansi, ukurasa mmoja, uwe mezani kabla kipindi cha asubuhi hakijaanza. Anausoma Asali. Tunamwita hivyo, sisi na wasikilizaji, kwa sababu ya sauti yake. Kichwani hamna kitu — debe tupu, ila linavuma vizuri.

Habari ya pili leo: watafiti wamewanywesha panya maji ya maganda ya vitunguu, presha ya panya ikashuka. Nikaandika hivyo hivyo. Mkuu wa vipindi akapitisha kalamu. Ana sheria yake ya tangu zamani: panya hawatajwi asubuhi, watu wako mezani wanakunywa chai. Panya akitokea kwenye ukurasa wangu anafutwa, panaandikwa "wagonjwa". Kwa hiyo kwenye redio yetu wagonjwa wameshapona kisukari, upara, usahaulifu na woga wa paka. Nimeshazoea. Nacheka peke yangu.

Leo Asali akaongeza la kwake: wapendwa, kwaherini vidonge. Nani alimtuma?

Jumanne, 21 Julai

Simu hazikatiki. Watu wanauliza, vitunguu vyekundu au vyeupe? Asali anajibu vyekundu, bila hata kupepesa macho. Mkuu anataka "vitu kama vile" kila siku. Historia nipunguze, anasema, waliokufa hawapigi simu.

Na huyu naye kasomeshwa.

Alhamisi, 23 Julai

Nimepita kwa Mama baada ya kazi. Harufu ilinipokea kabla yeye hajanipokea. Jikoni sufuria kubwa, maji ya rangi ya kutu, maganda yanaelea. Vidonge vyake vya presha vimesukumwa nyuma ya kopo la sukari. Hajagusa hata kimoja tangu Jumatatu.

Nikamuuliza, Mama, hiki ni nini? Akasema, dawa. Asali kasema.

Nikamwambia Asali hajui lolote, mimi ndiye ninayemwandikia. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyevunja kikombe.

"Wewe unaandika," akasema. "Yeye anajua."

Nikamweleza walikuwa panya. Panya, Mama, wale wa kwenye mabomba. Akasema mbona redioni hawakusema panya. Nitamjibu nini? Eti watu walikuwa wanakunywa chai?

Na mama yangu huyu huyu haamini kwamba mtu alifika mwezini! Asali anamtangazia mwezi kila mwaka, miaka nenda rudi, Mama anasema pale alikuwa anasoma tu, si maneno yake. Vitunguu ndiyo maneno yake. Anachagua.

Alipoinuka kunimiminia chai alishika ukuta. Kichwa, akasema, kinagonga kidogo. Nikamwita nesi wa mlango wa pili, akampima presha. Namba hakuitaja mbele yake. Aliniita nje akaniambia: arudie vidonge leo, asingoje kesho, na kichwa kikizidi mpeleke hospitali hata kwa kumbeba. Mama kutoka ndani: nesi na kipira chake cha kupimia, siku zote anatafuta ubaya.

Methali ilinifika mdomoni, ile ya sikio la kufa. Nikaimeza. Hayo huwezi kumtamkia mama yako.

Mwisho akalegeza kidogo. Asali akisema mwenyewe, atameza. Mimi mwanawe, nesi jirani yake, wote takataka. Asali!

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu pale nilikuwa nagomba tu.

Ijumaa, 24 Julai

Nimeomba masahihisho. Mkuu: sisi hatusahihishi. Tukisahihisha hili watauliza na mengine. Kwa mara ya kwanza kasema kweli.

Nikamwendea Asali. Nimemsihi, mimi, mtu ninayemdharau mpaka namna anavyokoroga chai. Akasema yeye alisoma kilichoandikwa. Na ile kwaherini vidonge, iliandikwa na nani? Akachezea funguo zake. Mwishowe akakubali kumpigia Mama simu. Tukasimama kwenye korido, akampa shikamoo, akajitambulisha, akamwomba ameze dawa zake.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akaomba nirudishiwe simu. Mwanangu, umemtoa wapi huyu? Yule ana sauti. Huyu ana mafua.

Na kweli. Nje ya studio, bila ile mashine ya kumnenepesha, Asali ana sauti ya mbu. Sijawahi kumwona amefedheheka vile. Amenikataa mimi? akauliza. Ndipo akaapa: kesho, hewani, kwa sauti yake kamili. Nikamwandikia sentensi mbili. Wale walikuwa panya. Kila mwenye dawa za presha aendelee kuzimeza. Hata yeye hawezi kuziharibu hizo.

Jumamosi, 25 Julai

Benchi la hospitali. Mlango umefungwa.

Asubuhi nilikuwa kwa Mama mapema. Tukakaa mbele ya redio. Kidonge kiganjani mwake, glasi ya maji mkono wa pili — ahadi ni ahadi, alisema. Asali akaanza na historia: siku kama ya leo alizaliwa mtoto wa kwanza aliyetungwa mimba nje ya tumbo la mama yake. Mama akaguna. Halafu: wapendwa, ile habari yetu ya vitunguu.

Nikamshika Mama goti.

Wale waliofanyiwa utafiti, akasema Asali kwa sauti ile tamu, walikuwa wadogo sana kwa umbo.

Basi! Muziki.

Mama akafikiri. Watoto, akasema. Kama imewafaa watoto, itashindwa mimi? Akakirudisha kidonge kwenye pakiti. Nilikuwa nafungua mdomo nimpigie kelele, glasi ikamponyoka. Akautazama mkono wake kama si wake. Nesi alikuja mbio, tukamwingiza kwenye teksi. Dereva naye kafungulia redio yetu. Nikamwambia azime. Mama, ulimi mzito, nusu ya mdomo imelala, akasema Asali aachwe amalize.

Ujumbe kutoka kwa Asali: mkuu alikuwa amesimama kwenye kioo cha studio ananitazama, ningefanyaje, mama anaendeleaje? Sijamjibu. Nikimjibu nitatukana.

Daktari ametoka mara moja. Kauliza Mama alikuwa anatumia dawa gani. Nikamwambia maji ya maganda ya vitunguu. Hakushangaa. Wiki hii ni wa tatu, akasema. Halafu: hivi haya mambo yanaandikwa na nani?

Ameitwa ndani kabla sijajibu. Akirudi atauliza tena.