Swichi Chini ya Usukani

Mwanangu,

Nimekwenda kwa shangazi yako. Chakula kiko jikoni, kipashe. ~~Gari usiliguse.~~ Kesho gari lichukue, ila mshale wa joto ukipanda, washa swichi nyeusi chini ya usukani. Rejeta usiifungue ikiwa ya moto.

Leo asubuhi limenichemkia mimi, kama lilivyokuchemkia wewe siku ile ukimkimbiza baba yako hospitali. Fundi akaiunganisha feni ya rejeta moja kwa moja na betri, ikazunguka. Fyuzi nayo nzima. Ndipo akaiona swichi.

“Mama, hii si kazi ya fundi, aliifunga mzee mwenyewe. Feni ilishaacha kujiwasha, akawa anaiwasha kwa mkono.”

Hakumwambia mtu. Na siku ile alikuwa amelala kiti cha nyuma, hawezi kutamka neno. Wewe ungejuaje?

Nami nilisimama msibani nikasema umemchelewesha baba yako. Miezi mitatu sasa tunapishana humu ndani kama wapangaji.

Shangazi yako ndiye aliyeyasambaza maneno yangu, kwa hiyo naanzia kwake. Kukuomba radhi kwa karatasi sitaki. Nisubiri, usitoke.

Mama yako