Mama Yake Anasoma Kurasa za Mwisho

Mpendwa Mama Mshauri, naomba msaada na naomba haraka, maana Ijumaa natakiwa kutoa kurasa nne na kurasa hizo zinanitoa jasho kuliko kitabu kizima.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, naishi Nerima, mtaa wa jiji kuu, kazi yangu ni kuandika zile riwaya nyepesi za vijana, zenye msichana mwenye upanga kwenye jalada, ambazo watu wazima huzivika karatasi ya duka kuficha jalada ndipo wazisome ndani ya treni. Nasema kazi yangu lakini ilikuwa yetu, kwa sababu jina kwenye jalada ni moja na watu tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu ambaye hapa nitamwita Yasuji, yeye akibuni visa, mimi nikiviandika, halafu yeye anaandika maneno ya mwisho, zile kurasa ambapo mwandishi hupiga soga na wasomaji, humshukuru mchoraji na kumtania mhariri, na wako wasomaji wanaoanza kitabu kwa kurasa hizo.

Mmoja wao ni mama yake Yasuji, ana miaka themanini na nne, yuko kwenye nyumba ya wazee kule Akita, kaskazini kwenye theluji. Yasuji aliacha kazi ya benki ili aandike, baba yake akamwambia asikanyage tena nyumbani, na hata baba alipofariki haya ilimzuia kurudi, simu hakupiga, barua hakuandika, ila katika kila juzuu alichomeka maneno ya kumfikia mama yake, "Ninyi wa kaskazini, msipande paani wenyewe kuondoa theluji," na mama alikuwa akinunua kitabu, anasoma kurasa zile nne, anakiweka, hadithi yenyewe hajui hata yule msichana anaitwa nani.

Mama Mshauri, Yasuji alikufa mwaka jana mwezi wa pili. Tulikuwa tunatoa juzuu kila baada ya miezi minne, ukichelewa wasomaji wanahama, na alikuwa hali wala halali. Siku hiyo nilimpigia simu mara mbili hakupokea, nikasema moyoni afadhali leo kalala, nikaendelea na kazi, kumbe moyo umesimama, ameinamia meza, nikamkuta kesho yake. Nilisema afadhali. Neno hilo haliniachi.

Dada yake, Fumiko, alikuja kutoka Sendai, mwili ukachomwa, tukaokota mifupa na kuitia chunguni kama ilivyo desturi, sisi wawili tu, na pale pale akaniambia, "Mama asijue. Moyo wake mbovu. Wewe endelea kuandika yale maneno ya mwisho kama yeye." Nikamwambia, dada, siwezi. Akasema, "Huwezi nini? Si mwandishi wewe? Kudanganya si ndiyo kazi yako?" Mhariri wetu naye akasema, "Jina halifi, kaka. Andika." Basi nimeandika mara tatu, mizaha yake, shukrani zake, na chungu cha mifupa yake kiko kabatini kwa Fumiko, kinamsubiri mama afe wazikwe pamoja.

Katika juzuu ya tisa nilitaka kumfurahisha bibi wa watu, nikaandika kwamba nina hamu ya figili za kwetu Akita, zile zinazokaushwa kwa moshi. Kitabu kilishachapwa ndipo nikakumbuka kwamba anayezipenda ni mimi, Yasuji hakuweza hata kukaa chumba kimoja na figili hizo kwa harufu yake. Nikangoja balaa. Badala yake mhariri aliponiletea barua za wasomaji akaniletea na kifurushi, figili mbili za moshi na kadi ya mama: "Nimesoma. Zikate nyembamba. Jikinge na baridi, na wewe una mama pia." Fumiko akasema, "Unaona? Keshaanza kuchanganyikiwa, ndiyo salama yetu." Nilizila peke yangu nikilia.

Sasa mauzo ya wiki ya kwanza yamelala, mhariri ameamua juzuu ya kumi iwe ya mwisho, na anataka kuaga kwa uchangamfu, "hakuna anayenunua kitabu ili alie." Fumiko anataka niandike kwamba Yasuji anakwenda kuishi ng'ambo. Je, nimuage mama kwa uongo, au niandike ukweli ausome peke yake kitandani?

Ni mimi, Nusu Iliyobaki.

*

Nusu Iliyobaki, pole sana. Na lile neno afadhali liweke chini. Ulimtakia rafiki yako usingizi. Hilo si kosa.

Lakini haya mengine! Watu wazima wawili mmemfungia marehemu kabatini, mnangoja mama yake afe ndipo mpate nafasi ya kumzika. Njia ya mwongo ni fupi, na yako iliishia kwenye figili.

Isome tena kadi ile. Mama aliyemwona mtoto wake akiziba pua mezani miaka yote ya utoto atasahau leo ni siku gani, atasahau jina la jirani, lakini chakula ambacho mwanawe hali? Na mama gani humwandikia mwanawe wa kumzaa "na wewe una mama pia"? Unaishi kwa maneno, na hayo yamekupita! Bibi yule hajachanganyikiwa. Anajua mwanawe hayupo, anajua mtoto wa mwenzake ndiye anayemwandikia, na amenyamaza asikuaibishe. Mnadhani mnamlinda. Yeye ndiye anayewalinda, peke yake, bila hata kaburi la kufukizia ubani.

Ijumaa usiingoje. Mwambie mhariri kurasa zitachelewa. Akifoka, mwache afoke. Mpigie Fumiko leo hii, akitoe kile chungu, mwende Akita pamoja, na akisema hawezi, mjibu kama alivyokujibu wewe. Muuguzi wa zamu apewe habari mapema kwa ajili ya ule moyo. Mkifika, usitunge hotuba. Piga magoti, taja jina ulilopewa na mama yako, weka chungu mbele yake, unyamaze. Akilia, mwache alie. Akikupiga, pokea.

Kurasa nne utaziandika ukirudi. Sema mlikuwa wawili na mmoja amefariki, kisha weka majina yote mawili.

Na bibi akikukatia figili, kula. Anajua ni mwana yupi anayezipenda.